Mwalimu Wangu Hakuwa Mzee wa Kijiji

Kwetu mtu akikuuliza kama kazi unaijua, huwezi kujibu kwamba unaijua. Unasema unajaribujaribu. Mama yangu alipika pilau iliyowatoa watu mitaa ya mbali, na kila alipoipakua alisema, "Leo sijui imekuwaje, mtanisamehe." Hapo wageni wanapaza sauti, wanakataa, wanamsifu, na sifa zinatoka midomoni mwa watu wengine kama inavyotakiwa. Nilikulia katika utaratibu huo bila kuufikiria, kwa sababu sikuwahi kuishi mahali ambapo mtu anasema "najaribujaribu" halafu anaaminiwa.

Miaka hiyo tulikuwa tunakaa Quakers Hill, magharibi ya Sydney, mimi, mume wangu na binti yetu, nami nikifanya kazi katika nyumba ya kulea wazee kule St Marys. Mume ndiye aliyetuleta Australia kwa uhasibu wake. Mimi nilikuja na viza yake, sanduku la brashi, na cheti cha ualimu wa sanaa ambacho hakuna aliyekihitaji. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Kazi ya wazee niliipenda, na nikazidi kuipenda kwa sababu ya viti.

Sebuleni pale kila mzee alikuwa na kiti chake. Hakuna aliyetoa amri, ilitokea tu, na mgeni akikaa kwenye kiti cha mtu ulikuwa ugomvi wa kutwa nzima. Vyenyewe vilikuwa viti vya kawaida vya kuegemea, vya kitambaa kinachofutika kwa dawa. Lakini kiti kikikaliwa muda mrefu kinamchukua mwenyewe. Kinabonyea upande anaolalia, mkono mmoja unachakaa kwa kidole kinachopigapiga, mto unabaki na alama ya shingo. Mwenyewe akipelekwa hospitali, kiti kinabaki kimemshikia nafasi. Nilianza kuvichora wakati wa mapumziko kwa penseli, baadaye nikahamia kwenye rangi ya mafuta. Niliomba ruhusa kwa wenyewe au kwa watoto wao, na wote wakakubali, ingawa bibi mmoja alinuna kwamba nimekiona kiti chake kizuri kuliko uso wake.

Nilijua kuvichora kwa sababu nilifundishwa. Nilisoma chuo cha ualimu, upande wa sanaa, chini ya mwalimu mmoja ambaye baadaye, nilipobaki pale kufundisha, akawa mkuu wa idara yangu. Alikuwa mtu wa Morogoro mjini, wa shati la kuchomekea na miwani yenye uzi shingoni. Uchoraji aliusomea chuo kikuu, na hakuwa na subira hata chembe na mwanafunzi anayesema picha ilimjia yenyewe. "Imekuja kwa basi gani?" alikuwa akiuliza. Alitufanya tuchore chupa na masanduku mpaka tukavichukia. Alipima kwa rula ya mbao, akafuta, akakurudishia karatasi uanze tena. Miaka yote niliyokaa chini yake hakuniambia hata siku moja kwamba kazi yangu ni nzuri. Akiridhika alisema, "Haya, endelea," na mimi nilikwenda bwenini nikitembea kama niliyeposwa.

Nyumbani Quakers Hill harufu ya rangi ilimshinda mume wangu, tena aliivumilia kwa muda mrefu maskini. Ndipo nikapata pembe Ingleburn, kwenye eneo la viwanda, ndani ya ghala lililogawanywa vyumba kwa mbao nyembamba. Siku nisizokuwa na shifti niliteremka huko na gari, nikachora hadi saa ya kumfuata mtoto shule. Jirani yangu upande wa pili wa mbao alikuwa Mzungu mstaafu, fundi wa kunyoosha bodi za magari mpaka mgongo ulipomgomea. Darasa la sanaa hakuwahi kulikanyaga. Daktari alimwambia atafute kitu cha kufanya akiwa amesimama, akaenda kununua rangi. Alichora uzio. Wa mabati, wa mbao, ulioanguka, unaokaribia kuanguka. Alikuwa na kipaji kweli, ila alikwenda kwa kubahatisha, na kila mara alikuja upande wangu kuniuliza kwa nini kijani chake kinageuka tope. Nilimweleza, akaniletea chai na biskuti, tukanywa bila maneno mengi. Nilimpenda kwa hilo.

Siku moja akaja ghalani mama mmoja, msimamizi wa maonyesho katika ukumbi mdogo wa sanaa karibu na katikati ya jiji. Alikuwa anatafuta wachoraji wa magharibi ya Sydney wa kuwaonyesha pamoja. Mbele ya viti vyangu alisimama kwa muda mrefu, mkono kifuani. Alichagua viti vyangu na uzio wa jirani yangu, kuta zetu zitazamane. Nilifurahi kupita kiasi. Siku ile ile nilimpigia Mwalimu.

Alikuwa ameshastaafu, ametolewa mtoto wa jicho, na mwanawe amemnunulia simu ya kupapasa. Alinisikiliza, akasema, "Utanipigia picha ukuta wote. Na maandishi yake. Nataka kusoma walichokuandika." Mkewe alichukua simu na kuninong'oneza kwamba mzee ameanza kuwatangazia walimu wenzake wastaafu hata kabla hajaikata, na kwamba sasa watakuwa wanangoja wote.

Yule mama alituhoji mmoja mmoja, kwenye meza ya plastiki pale ghalani. Zile mbao zilikuwa hazizuii kitu, kila mmoja alisikia ya mwenzake. Nilitangulia mimi. Aliniuliza nimejifunzaje kuchora hivi. Nikajibu kama nilivyolelewa kujibu.

"Ah, najaribujaribu tu. Ni Mungu anasaidia."

Nikatabasamu, nikangoja. Kwetu hapo angedakia mtu: usimsikilize huyo, huyo ni mwalimu, amefundisha chuo. Mimi ningekana kidogo, yeye angesisitiza, na mambo yangekaa sawa. Hakudakia mtu. Yule mama aliinamia karatasi na kuandika, tena kwa furaha ya wazi, nami nikaona si adabu kumkatiza.

Kisha akamwita jirani yangu na kumuuliza swali lile lile. Nikamsikia akisema, "Mimi nachezea rangi tu." Na yeye alikuwa anasema ukweli mtupu. Yule mama akacheka, kile kicheko cha mtu anayejua kwamba anafichwa jambo, akamwambia aache unyenyekevu wake. Alimfanyia yeye kile nilichokuwa nakingoja mimi. Wakati ule nilikitambua tu na kusikia kitu kidogo kikinichoma, nikaendelea kuosha brashi.

Siku chache kabla ya ufunguzi nilikwenda kuona picha zilivyotundikwa. Nilikwenda na binti yangu, aliyekuwa sekondari, mwenye Kiswahili chote kichwani na Kiingereza chote mdomoni. Vibao vya maelezo vilikuwa vimekwisha kubandikwa. Changu kilisema kwamba msanii huyu hakufundishwa na mtu, mikono yake inaongozwa na silika na midundo ya Afrika, amebeba maumivu ya safari ndefu, na viti hivi vitupu ni viti vya enzi vya mababu aliowaacha nyuma. Nilisoma mara ya pili nikidhani nimekosea ukuta. Kwenye ukuta wa pili, kibao cha jirani yangu kilisema mistari yake inaonyesha nidhamu ya miaka mingi, na kwamba anazungumza kwa utulivu na mapokeo marefu ya uchoraji wa mandhari.

Mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya maneno hayo, kofia mkononi, anasoma kwa midomo.

"Mapokeo gani hayo?" akaniuliza.

Binti yangu alinivuta mkono. "Mum, that's not true. You went to college."

"Najua."

"You taught at the college!"

"Najua, mwanangu."

"So why does it say nobody taught you?"

Aibu ilikuwa inanipanda kutoka shingoni. Haikuwa kwa ajili yangu, maana mimi nimeshazoea kuelezwa na watu wasionijua. Nilikuwa namwona Mwalimu, simu ameisogeza karibu na pua, wenzake wamemzunguka, wanasoma kwa Kiingereza chao safi kabisa kwamba mwanafunzi wake hakufundishwa na mtu. Mtu anayemkana mzazi wake watu wanaweza kumtafutia sababu. Mimi nilikuwa nimemkana mwalimu wangu, ukutani, kwa maandishi, ng'ambo. Na picha nilikuwa nimeahidi kuzituma.

Nilimfuata yule mama ofisini. Alikuwa mkarimu, na watu wakarimu ni kazi kugombana nao. Alinivutia kiti, akanimiminia maji. Nikamwambia kibao kimekosea, kwamba nilifundishwa.

"Lakini haya ni maneno yako," akasema. Na yalikuwa maneno yangu.

Nikajikaza, nikasema kwamba nilikuwa na mwalimu. Macho yake yakang'aa.

"Nieleze! Ni mtu mzima?"

"Ndiyo, sasa ni mzee."

"Wa kwenu? Wa jamii yenu?"

"Wa Morogoro, ndiyo."

"Na alikuwa anakukalisha chini, anakuonyesha?"

Nikasema ndiyo, kwa sababu kila neno peke yake lilikuwa kweli. Jirani yangu alikuwa mlangoni. Akakohoa, akasema kwamba kama anatafutwa mtu ambaye hakufundishwa, ni yeye. Yule mama akacheka, akampigapiga begani. Wewe na utani wako, akamwambia. Mimi akaniahidi kwamba kibao kitaandikwa upya.

Maelezo mapya yakaja kwa barua pepe siku iliyofuata, nikayasomea kazini kwenye chumba cha chai. Safari hii nilikuwa nimejifunza nikiwa nimeketi miguuni pa mzee wa kijiji, aliyenirithisha maarifa ya kale ya watu wake. Viti vya enzi vilikuwa palepale. Mwalimu wangu, mwenye shahada yake na rula yake, mtu aliyegombana na mkuu wa chuo kwa ajili ya penseli za wanafunzi, alikuwa amevuliwa shati la kuchomekea na kuketishwa kwenye vumbi la kijiji ambamo hakuwahi kuishi. Nilicheka kwanza. Kisha nikasikia hasira, ile isiyo na kelele, ambayo kwangu ndiyo mbaya zaidi.

Mwenzangu wa shifti alikuwa nesi Mkenya, mtu wa kicheko kikubwa. Nikamsomea. Akashika meza asianguke.

"Weh! Ati throne ya ancestors? Si hiyo ni kiti ya yule mzee wa cricket?"

Ndiyo, kile cha kijani kilikuwa chake. Alifanya kazi posta maisha yake yote, na sasa kazi yake ilikuwa kusinzia mbele ya kriketi.

"Lakini aki, dadangu, acha tu," akasema alipomaliza kufuta machozi. "Picha si ziko kwa wall? Wakitaka story, wape story. Hata mimi kwa interview huwaambia vile wanataka kuskia. After that unafanya job yako."

Alikuwa ananitakia mema. Nilijua wengi walioishi hivyo na wakaishi vizuri. Nikinyamaza, viti vyangu vinabaki ukutani na watu wanaviona. Nikigombana, naweza kuvirudisha Ingleburn vikae vinatazama mbao. Lakini kunyamaza kulikuwa na msomaji mmoja Morogoro anayengoja, na sikuweza kumfikiria akifika kwenye maneno "mzee wa kijiji" kisha nikaendelea kunywa chai yangu.

Nikaamua kukiandika kibao mwenyewe. Jumapili mchana nilikaa meza ya jikoni, binti yangu na kompyuta, mimi nasema yeye anaandika. Naomba niaminiwe nikisema kwamba kuchora vile viti vyote hakukunipa tabu kama mchana ule. Kusema mwenyewe, bila mtu wa kukusemea, kwamba wewe kazi unaijua, kulikuwa ni kama kutoka nje na upande wa khanga. Kila sentensi niliifungia kamba.

"Delete 'I hope', Mum."

"Haya, futa."

"Delete 'a little'."

"Hapo pabaki."

"No. You didn't study a little."

Mwisho tukawa na maneno machache. Kwamba msanii huyu alisomea uchoraji na akaufundisha chuoni. Kwamba mwalimu wake ni fulani, na hapo nikaandika jina lake kamili, shahada yake, na cheo chake cha mkuu wa idara. Kwamba anachora viti vya wazee wa St Marys kwa sababu kiti kilichokaliwa muda mrefu ni kizuri kukitazama. Binti yangu akaongeza kwamba anaijua kazi yake. Nikaifuta sentensi hiyo, akairudisha, nikaifuta, akairudisha. Mume wangu akapita na kikombe chake, akaisoma, akasema tu, "Si kweli?" Ikabaki.

Yule mama alinipigia simu baada ya kuyasoma. Alisema ni baridi, yanafanana na barua ya kuomba kazi, watu hawatapata pa kunifikia. Nikamwambia watafikia picha. Akasema anataka tu watu wanipende. Nadhani alisema kweli. Nikamwambia kwamba ama kibao hicho kinabandikwa au nakuja na gari kuchukua viti vyangu. Akasema ataona. Jirani yangu, nilipomsimulia, alitoka nje ya ghala, akampigia yule mama na kumwambia viti vikitoka na uzio unatoka. Katika simu hiyo hiyo aliomba na chake kirekebishwe, aandikwe fundi wa bodi za magari asiyefundishwa na mtu. Changu kikabadilishwa. Chake kikaachwa kama kilivyo, kwa sababu alichukuliwa kuwa anatania.

Ufunguzi ulikuwa Jumamosi alasiri. Watu wetu walikuja wengi, Watanzania na Wakenya, wamependeza, wameacha shughuli zao, na wengine walikuwa wametoka kazini moja kwa moja. Niliwaona wakikusanyika mbele ya kibao. Niliona nyuso zikibadilika kidogo.

"Eh, umejipiga kifua, siste!" akasema yule nesi, akanikumbatia kwa nguvu. Kwake ilikuwa utani.

Kaka mmoja wa Kitanzania, mtu wa makamo tunayemheshimu, alisoma mpaka mwisho huku mikono nyuma. "Hongera, mdogo wangu," akasema. "Naona siku hizi tunajitangaza." Akatabasamu na kuelekea kwenye vitafunwa. Iliniuma. Ningempa mkono, nikamweleza jinsi ilivyokuwa, lakini ungemwelezaje mtu habari ya mzee wa kijiji katikati ya sambusa na watu? Nikalimeza.

Upande wa wenyeji, kibao changu hakikuwa na athari niliyoitarajia. Dada mmoja mwenye glasi mkononi alikisoma chote, namwona, kisha akanigeukia akaniambia ni ajabu kubwa jinsi nilivyojifundisha mwenyewe. Mwingine aliniuliza kwa sauti ya msibani kuhusu safari yangu ya mashua. Nikamwambia nilikuja na ndege, kiti cha dirishani, na mtoto alitapika. Akanishika mkono kwa huruma. Mbele ya uzio, bwana mmoja alikuwa anamuuliza jirani yangu amesoma kwa nani. Akajibu hakusoma kwa mtu. Yule bwana akatikisa kichwa polepole, kwa heshima, kama aliyesikia jina la bingwa.

Nilikuwa mtulivu siku ile. Nilicheka, nikashukuru, nikapiga picha na kila aliyetaka. Binti yangu alipiga picha ukuta wote, kiti kimoja kimoja, na kibao mara kadhaa ili maandishi yasomeke. Kabla hatujaingia kwenye treni ya kurudi alikuwa ameshazituma Morogoro.

Hapo ndipo hofu mpya iliponiingia. Nilikuwa nimepigania asiitwe mzee wa kijiji, sikuwa nimefikiria atakavyoona mwanafunzi wake akijisifu. Yeye hakuniambia "vizuri" katika miaka yote ile, na mimi nimeandika ukutani kwamba naijua kazi yangu, nikaweka na jina lake chini ya majivuno hayo kama shahidi. Alama zilionyesha kwamba ujumbe umefika na umesomwa. Jibu halikuja siku ile.

Lilikuja kesho yake asubuhi, nikiwa nimeegesha gari St Marys kabla ya shifti. Alikuwa ametuma sauti. Alinisalimu, akamuulizia mume, akamuulizia mtoto, akaniambia mvua zimegoma. Kisha akakohoa.

"Maandishi nimeyasoma. Na wenzangu wamesoma. Shahada yangu umeiandika sawasawa." Nikasikia anasogeza kiti. "Sasa tuje kwenye kazi. Kile kiti cha kijani, mwanangu. Nimeikuza picha nikaangalia vizuri. Mguu wa nyuma, wa kushoto, haukanyagi sakafu. Kivuli umekiweka kama vile unakanyaga, lakini mguu wenyewe umeishia juu. Kiti kinaelea. Ulikuwa umechoka? Picha ikishakwenda ukutani watu wanaiangalia, mama. Hiyo irekebishwe."

Nilikaa ndani ya gari nikalia, halafu nikacheka, halafu nikachelewa kuingia kazini. Watu wote wale wa Jumamosi, waliosifu, waliosikitika, walioniuliza habari za mababu na mashua, na kaka yetu na mikono yake nyuma, hakuna hata mmoja aliyesema neno kuhusu mguu wa kiti.

Baada ya shifti sikurudi nyumbani. Niliacha gari pale pale, nikapanda treni nikaenda mjini moja kwa moja, bado nina viatu vya kazini. Ukumbi ulikuwa karibu kufungwa, hamna watu. Nilipiga magoti mbele ya kiti cha kijani. Ilikuwa kama alivyosema. Mguu ule nilikuwa nimeukatiza juu, na nimeupita mara ngapi sijui bila kuuona.

Yule mama akatoka ofisini, akanikuta hapo chini. Nikamwonyesha.

"Ah, umeuona na wewe!" akasema, akachuchumaa kando yangu. "Ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Nimewaonyesha wageni wote. Kiti kisichogusa ardhi. Mtu asiye na mahali pake."

"Hapana," nikamwambia. "Nimekosea."

"Usijihukumu hivyo."

"Sijihukumu. Mguu ni mfupi. Nataka kuishusha picha nikairekebishe."

Akaniwekea mkono begani. "Sikiliza. Katika kazi kama yako hakuna makosa."

Alisema kwa upendo mtupu. Nikageuka nikatazama ukuta wa pili.

"Na katika kazi yake je?"

"Yake?" Akacheka. "Ule mstari wa chini wa uzio wa mabati? Ameuharibu kabisa. Nilimwambia siku ya kwanza, amekubali kuurudia."

Nikanyanyuka, nikajikung'uta magoti. Sikuwa na hasira, na hata leo najiuliza ilikwenda wapi. Nilitoa simu, nikabonyeza pa kurekodi, yeye akiwa bado amechuchumaa pale haelewi, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyojaa ukumbi ule mtupu:

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeuona mguu. Umesema kweli, nimekosea. Nimekosea kabisa."

Nilituma, nikasikiliza ikienda, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo siku nzima ya ufunguzi. Kisha nikashika fremu upande mmoja na kumwomba yule mama anishikie upande wa pili.